Shina, si Jiwe: Uhakiki wa Tafsiri Yetu Kuhusu Upangaji wa Matumbawe

Katika ukurasa wa pili wa tafsiri yetu kuna sentensi hii: "Mawe ya matumbawe yapangwe yakikaribiana ili yajaze nafasi yote ya tangi na kupendeza machoni." Sarufi yake haina kosa. Upatanisho umekaa sawa, kitenzi kiko mahali pake, na msomaji yeyote wa Kiswahili ataielewa. Tulikuwa wanafunzi sita, hapa Gitega, katika somo la tafsiri. Tulipewa mwongozo wa Kifaransa wa kurasa nne, ulioandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kufuga matumbawe nyumbani ndani ya tangi la kioo. Tukautafsiri, tukapata alama 15 kwa 20, tukafurahi. Wiki tatu baadaye niliirudia kazi ile nikagundua kwamba mtu akiifuata kama ilivyo, baada ya miezi michache atakuwa ameua sehemu kubwa ya viumbe alivyovinunua.

Makala haya ni uhakiki wa tafsiri hiyo. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioiandika, sina mtu mwingine wa kumlaumu. Ninadai kwamba kosa letu halikutokana na kukosa msamiati. Lilitokana na picha tuliyokuwa nayo kichwani: tulidhani tunatafsiri habari za mawe. Picha ikiwa ya jiwe, maneno yote yanayoifuata, yaani nafasi, umbali, ukubwa na muda, hupotoka pamoja nayo. Nadai pia kwamba picha iliyofaa haikuwa mbali nasi. Tuliiacha nyumbani, shambani, kwa sababu hatukufikiri kwamba lugha ya shamba inaweza kuzungumzia bahari.

Kitu chenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno, ni lazima tukijue kitu kinachosemwa. Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni wanyama wengi walioungana. Kila mmoja wao huitwa polipu: kimfuko kidogo chenye mdomo mmoja juu, na kuzunguka mdomo huo kuna mikono myembamba yenye visindano vya sumu. Polipu wa matumbawe magumu hutengeneza chokaa chini yao na kukaa juu ya chokaa hiyo. Polipu mmoja huchipua mwingine ubavuni, huyo naye huchipua mwingine, mpaka maelfu wanakuwa mwili mmoja wenye ngozi moja. Ndani ya miili ya wengi wao huishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa kutumia mwanga. Ndiyo maana tangi la matumbawe linahitaji taa kali, maji ya chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, joto la nyuzi 25 hivi, na pampu za kuyasukuma maji mchana na usiku.

Mwanga na mahali pa kushika havitoshi kwa wote, kwa hiyo matumbawe hugombana. Acropora, lenye matawi, linaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka mazingira yakiwa mazuri, na likishampita jirani humtia kivulini. Porites, ambalo mara nyingi huwa na umbo la donge kubwa, hukua sentimita 1 hivi kwa mwaka. Lakini kukua polepole si kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Judith Lang alionyesha kutokana na kazi yake huko Jamaika kwamba tumbawe likikaribiana na la aina nyingine huweza kutoa nje nyuzi za tumboni mwake na kummeng'enya jirani akiwa hai, tena kwamba kati ya aina na aina ipo ngazi ya nani humshinda nani. Aina nyingine, kama Galaxea na Euphyllia, hunyoosha mikono maalumu mirefu, hasa usiku, na kumchoma yeyote inayemfikia. Matumbawe laini kama Sinularia hutumia kemikali. Baharini kemikali hizo huchukuliwa na mkondo. Ndani ya tangi la lita 200 huzunguka na kurudi palepale.

Kwa hiyo mwongozo unapouliza kipi kikae wapi na kwa umbali gani, unauliza nani ataishi. Kuna jambo jingine la kukumbuka. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Kipande kilichomo ndani ya tangi la mtu huenda kilikatwa kwenye mwamba wa baharini. Kukiua kwa sentensi mbaya si jambo dogo.

Tulikotoa picha ya jiwe

Kwa nini sote sita tuliona jiwe? Jibu la haraka ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Kutoka Gitega hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu maneno tuliyoyatumia yalitoka kwa watu wanaoishi na bahari.

Katika mwambao wa Waswahili, tumbawe limekuwa kifaa cha ujenzi kwa karne nyingi. Nyumba za Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, misikiti ya Kilwa Kisiwani na magofu ya Gede vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Mafundi walijua kutofautisha. Matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu yalifaa kwa kuta. Porites lililokatwa majini lilikuwa laini kwa muda, kwa hiyo lilichongwa nakshi za kibla na miimo ya milango kabla halijakauka na kuwa gumu. Ukiacha ukuta, kuna mkufu: marijani, lile tumbawe jekundu la shanga. Basi lugha ilitukabidhi vitu viwili, ukuta na mkufu, na vyote viwili vinapatikana tumbawe likishakufa.

Sisemi kwamba Kiswahili kilikosea. Lugha hutaja kitu kwa sura ambayo watu wamekishika mkononi. Hata Ulaya, katika karne ya 18, daktari Mfaransa Jean-André Peyssonnel aliposema kwamba matumbawe ni wanyama, wasomi wa Paris hawakumkubali mara moja. Walizoea kuyaona kama mimea. Kosa ni letu sisi sita. Tulilichukua neno la fundi mwashi, tukalipeleka kwenye kazi ya mfugaji, na hatukuuliza kama linaifaa kazi hiyo.

Ushahidi wa kosa hilo umo ndani ya sentensi niliyoanza nayo. Mwongozo wa Kifaransa ulisema matumbawe yawekwe kwa namna ambayo yatalijaza tangi baada ya muda. Sisi tuliyafuta maneno "baada ya muda". Nakumbuka siku tulipoyafuta. Mmoja wetu alisema hayana kazi, nasi tukakubali, kwa sababu jiwe likiwekwa mahali limeshajaza. Hatukuyafuta kwa uvivu. Tuliyafuta kwa sababu picha yetu haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Yanapigana au wanapigana?

Kosa la pili ni la upatanisho, na hapa nadhani wanafunzi wenzangu watapata jambo la kujadili. Kiswahili hakimwachi msemaji akwepe swali la uhai. Nomino ya mnyama, hata ikiwa na umbo la ngeli nyingine, huvuta upatanisho wa viumbe hai: vipepeo wanaruka, kaa anatembea, kifaru amelala. Kitabu kinaanguka, kifaru anaanguka. Kwa hiyo nikisema "matumbawe yanapigana", msomaji anasikia vitu. Nikisema "matumbawe wanapigana", anasikia wanyama, ingawa sikio lake litashtuka.

Katika kurasa zetu nne tulitumia "yana-" kila mahali, na hatukujadili. Matokeo yake, ile sehemu ya mwongozo inayoeleza mikono inayochoma tuliitafsiri hivi: "nyuzi zake hupepea usiku na kuongeza uzuri." Neno la kuchoma lilipotea. Jiwe halichomi mtu.

Je, suluhisho ni kubadilisha kila "yana-" kuwa "wana-"? Nilijaribu, na tafsiri ikawa mbaya zaidi, kwa sababu "matumbawe wamebandikwa kwenye mwamba" inafanya msomaji afikirie wanyama kumi wakati vilivyobandikwa ni vipande kumi vyenye wanyama maelfu. Suluhisho nililipata katika mfano wa nyuki. Tunasema "nyuki wanahama", lakini "kundi la nyuki linahama". Kiswahili tayari kina njia ya kuzungumzia wanyama wengi kama kitu kimoja: nomino ya jumla hubaki na ngeli yake, na wanyama waliomo hubaki na uhai wao. Basi polipu wanachipua, polipu wanakula, polipu wanachoma. Nalo tumbawe, kama mwili mmoja, linakua, linaenea, linamshambulia jirani. Tatizo halikuwa "yana-" yenyewe. Tatizo ni kwamba katika kurasa zote nne hakuna polipu hata mmoja aliyetajwa. Tuliandika habari za mzinga bila nyuki.

Nafasi ya nini?

Kosa la tatu ndilo linaloua haraka. Mwongozo ulitaka nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya tumbawe na tumbawe la aina nyingine, na zaidi kwa aina zenye mikono mirefu. Sisi tuliandika: "Pengo kati ya mawe lisizidi sentimita 15." Ndiyo, lisizidi. Kiwango cha chini tulikifanya kiwango cha juu.

Nilijiuliza kwa muda mrefu tulipataje kusoma kinyume, maana Kifaransa chetu si kibaya kiasi hicho. Jibu nililipata nilipokwenda nyumbani Muyinga wakati wa likizo. Ukitoka Gitega kupitia Karuzi mpaka Muyinga hutaona ardhi iliyoachwa bure. Vilima vimelimwa mpaka ukingo wa barabara. Maharage yako chini ya migomba, mihogo iko kwenye kona ambazo migomba imezikataa. Kwetu kesi nyingi zinazofika mahakamani ni za ardhi, na mtu anaweza kugombana na ndugu yake kwa upana wa mfereji. Katika nchi kama hiyo, nafasi tupu ni hasara. Tuliposoma kwamba mfugaji aache mahali patupu, akili zetu zilisahihisha sentensi kabla ya kalamu.

Bibi yangu ana migomba nyuma ya nyumba. Nilimweleza kazi yetu tukiwa tunapukuchua maharage, nikamwambia kuna wanyama wa baharini ambao watu huwapanga ndani ya kioo.

"Wanahama?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Wakishika mahali hawaondoki."

"Na wanazaaje?"

"Huchipua ubavuni."

"Basi hao ni mgomba, mjukuu wangu. Mnaniuliza nini tena?"

Nilimwuliza anapimaje nafasi anapopanda. Akanionyesha mistari yake: kati ya shina na shina hatua tatu kubwa, karibu mita 3, ambacho ndicho kipimo wanachopendekeza wataalamu wengi wa kilimo katika kanda yetu. Akasema mwaka wa kwanza watu hucheka wakiona ardhi imekaa tupu, na wengine huingia tamaa wakaongeza mche katikati. Mwaka wa tatu wanaongoa walichoongeza. Akaniambia jambo moja ambalo halimo katika tafsiri yetu: usipime kutoka kwenye shina, pima kutoka mahali jani litakapoishia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. "Pengo kati ya mawe" ni kipimo cha fundi, anayepima ukingo hadi ukingo kama vitu vilivyo leo. Bibi hupima kutoka ukingo ambao bado haujafika. Tumbawe nalo lina kingo tatu: ukingo wa chokaa unaouona mchana, ukingo wa mikono iliyonyooshwa usiku, na ukingo wa mwili wake baada ya mwaka mmoja au miwili. Mfugaji anayepima ule wa kwanza tu amejidanganya mara mbili.

Shina au koloni?

Tunahitaji basi jina la ule mwili mmoja wenye polipu wengi. Vitabu vya biolojia hutumia "koloni", na mwenzangu mmoja katika kundi letu analitetea. Anasema ni neno lililozoeleka, linaeleweka katika lugha nyingi, na tena linaeleza ukweli, kwa kuwa matumbawe hunyang'anyana ardhi kama wakoloni.

Hoja yake ya mwisho ndiyo inayonifanya nilikatae. Tunaandika tukiwa Gitega, mji ambao Wajerumani waliuanzisha mwaka 1912 kuwa makao ya utawala wao, kisha Wabelgiji wakaushika mwaka 1916. Kwa msomaji wa hapa, koloni ni nchi iliyochukuliwa na watu waliotoka kwingine. Lakini katika elimu ya matumbawe neno hilo halisemi chochote kuhusu kunyang'anya. Linasema kwamba polipu hawa wote ni wa mwili mmoja na wametokana na mmoja. Tumbawe ambalo halijawahi kumgusa jirani bado ni koloni. Neno likimfanya msomaji aelewe jambo la kweli kwa sababu isiyo ya kweli, litamponza mbele ya safari.

Napendekeza "shina", kwa maana ile ile ya shina la migomba. Mkulima akisema "shina moja" hamaanishi mti mmoja. Anamaanisha mama, mtoto na mjukuu waliosimama pamoja, wote wametoka kwenye kiini kimoja chini ya ardhi, na ukikata chipukizi ukalipanda kwingine utapata mgomba ule ule. Ndivyo tumbawe lilivyo. Wafugaji hukata tawi, hulibandika kwenye jiwe jingine, na linakuwa shina jipya lenye damu ile ile. Vipande viwili vilivyokatwa kutoka tumbawe moja vikigusana, huungana tena badala ya kupigana. Jambo hilo lilitusumbua sana katika tafsiri, kwa sababu hatukuelewa kwa nini mwongozo unakataza kugusana katika aya moja na kuruhusu katika nyingine. Mtu mwenye picha ya shina haulizi.

Najua upungufu wa neno hili. Linaweza kumrudisha msomaji kwenye kosa la wasomi wa Paris, akadhani tumbawe ni mmea. Tena mgomba hautoi nyuzi za tumboni usiku kummeza jirani. Kwa hiyo shina peke yake halitoshi. Ni lazima polipu wawepo katika sentensi, tena wenye upatanisho wa viumbe hai, na ni lazima maneno ya ujirani na ugomvi yatumike bila aibu. Neno "kundi" nililifikiria pia, lakini kundi linaweza kutawanyika jioni. Shina haliwezi.

Hoja ya samaki

Mwenzangu mwingine aliuliza swali zuri zaidi: kwa nini Mrundi ahangaike na matumbawe wakati ziwa letu lina samaki wanaofugwa duniani kote? Ni kweli. Kutoka Bujumbura, Pierre Brichard alisafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika kwenda kwa wafugaji wa nje, na mmoja wa samaki hao, Neolamprologus brichardi, ana jina lake. Kwa wafugaji wengi samaki huyo hujulikana kama binti mfalme wa Burundi.

Lakini swali hilo linaithibitisha hoja yangu. Katika tangi la samaki wa Tanganyika, mfugaji hupanga mawe kwelikweli. Huyarundika ili kuwe na mapango na ili samaki mmoja asimwone mwenzake muda wote, kisha samaki wenyewe hugawana mipaka. Mawe yakikaribiana, ni vizuri. Sentensi yetu mbaya ingekuwa sentensi nzuri kabisa katika mwongozo huo. Tofauti ni kwamba huko mgomvi ni mpangaji na jiwe ni nyumba. Katika tangi la matumbawe, kile tulichokiita jiwe ndicho mgomvi, na hawezi kukimbia. Mtafsiri asiyejua ni nani mwenye uhai katika sentensi hawezi kujua pa kuweka umbali.

Jaribio la kuandika upya

Mhakiki anayebomoa bila kujenga anafanya nusu ya kazi. Hivi ndivyo ningeiandika leo ile aya ya ukurasa wa pili:

"Kabla ya kupanda chochote, jua kila shina ni la aina gani, hukua kwa kasi gani, na mikono ya polipu wake hufika wapi. Acropora na mengine yanayopenda mwanga mkali na maji ya nguvu yapandwe juu. Euphyllia ipandwe katikati, mahali ambapo maji huitikisa mikono yake bila kuipiga. Discosoma, ndugu wa matumbawe mwenye sura ya uyoga, hahitaji mwanga mwingi. Apandwe chini, juu ya jiwe la peke yake, kwa kuwa huenea. Subiri usiku uone mikono imenyooka mpaka wapi, ndipo upime. Kati ya shina na shina la aina nyingine acha sentimita 15 au zaidi, na kwa Galaxea ongeza. Upande ambao maji yanaelekea acha nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mkondo huivuta mikono. Mashina yaliyotoka kwa mama mmoja yanaweza kukaribiana, yataungana. Usipande karibu na kioo, acha mahali pa kupitisha mkono wako unaposafisha. Mwaka wa kwanza tangi litaonekana tupu. Liache hivyo."

Aya hii ni ndefu kuliko yetu ya kwanza na haipendezi sana kwa sauti. Lakini angalia kitenzi. Tulikuwa tumeandika "kupanga" mara kumi na moja. Sasa ni "kupanda". Tofauti ni herufi moja. Anayepanga huangalia kitu kilivyo leo. Anayepanda hujua kitabadilika, na huacha nafasi kwa ajili ya siku ambayo hajaiona.

Nilipoandika hivyo niliogopa kwamba ninawalazimishia watu wa pwani lugha ya vilima vya Muyinga. Kisha nikajua kwamba watu wa pwani wametangulia. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na huko kusini mwa Kenya, Wasini na Mkwiro, wanakijiji wamekuwa wakirudisha vipande hai kwenye miamba iliyoharibika. Kazi hiyo huitwa kupanda matumbawe. Mahali ambapo mababu walikata matumbawe ya kujengea, wajukuu wameazima kitenzi cha mkulima kwa sababu kile cha mwashi hakikuwafaa tena.

Hitimisho

Tafsiri yetu ilipimwa kwa sarufi, kwa ufasaha na kwa uaminifu wa jumla, na kwa vipimo hivyo haikuwa mbaya. Ninawaomba wahadhiri wetu waongeze kipimo cha nne kwa maandishi ya aina hii: msomaji akishalifunga karatasi, mkono wake utafanya nini? Kwa kipimo hicho tungepata sifuri, na tungestahili. Nawaomba pia wanafunzi wenzangu wa Gitega, Muyinga na kwingineko mbali na pwani, tusiogope kuzitafsiri habari za bahari kwa kisingizio kwamba maneno yake si yetu. Maneno tuliyoyakosa hayakuwa ya bahari.

Likizo ilipokwisha bibi alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kama wale wanyama wa kwenye kioo wameshapata nafasi yao. Nikamwambia bado, tafsiri tumeshaikabidhi na hairudishwi. Akasema basi niandike nyingine.